Tupeane uzoefu: siku uliyojisahau mpaka mtu akakuuliza "na wewe si umeokoka?"

Karani wa Malaba
Wapendwa habari za jioni. Leo asubuhi kimenikuta kitu pale mpakani nikasema lazima nije huku niulize. Mnaijua foleni ya malori ya Malaba, ukiikuta imevuta mpaka nyuma kabisa ujue siku imeisha. Mimi kazi yangu makaratasi ya mizigo, dereva ananipigia kila dakika tano, jua linawaka, mtandao umegoma, basi akatokea kijana na faili lake akanipita pale dirishani kama hanioni. Nilimtukana. Sio kidogo, na mama yake nikamtia humo humo. Kijana akageuka kwa upole akasema "kaka, Jumapili si ndiyo wewe ulisoma neno kanisani? Lile la nuru yenu iangaze?" Foleni nzima kimya. Mathayo 5:16, nililisoma kwa mdomo huu huu. Niliacha zamu yangu nikaondoka. Nani mwingine yamemkuta na mnafanyaje jamani, maana kukesha kanisani Ijumaa naweza, saa sita mpaka alfajiri sisinzii, ila kukesha saa nne asubuhi kazini ndiko kunanishinda.

Nakato Iganga
Hapo mwisho umenisema mimi kabisa 😂

Boda wa Kireka
Mimi nilikuwa na stika nyuma ya pikipiki, YESU NI BWANA, herufi nyekundu kubwa. Siku hiyo barabara ya Jinja jam imeshona nikapita upande wa wanaokuja, nikarudi, nikapanda njia ya waenda kwa miguu, mama mmoja wa gari ndogo akanifuata mpaka kwenye taa akashusha kioo. Hakunitukana. Akasema "ssebo, ama utoe hiyo stika ama uendeshe kama mtu wa huyo uliyemwandika." Nikaitoa.

Nakato Iganga
Umetoa STIKA?? Si ungepunguza mwendo!

Boda wa Kireka
Dada mwendo ndio chakula cha watoto, stika hailipi ada

Mwl wa Sunday School
Huo ndio ugonjwa wetu kaka, tunaondoa alama tunabaki na tabia. 1 Wakorintho 10:31 inasema mlapo, mnywapo, mtendapo lo lote. Barabara ya Jinja imo humo.

Boda wa Kireka
Mwalimu njoo uendeshe wewe siku moja saa kumi na mbili jioni halafu turudi kwenye hiyo aya

Afande Mstaafu
Nipo Gulu. Wadogo zangu nyie mnaongea matusi ya foleni, mimi lugha yenyewe ndiyo ilikuwa tusi. Kiswahili nilijifunzia kambini, na nyie wa mpakani mmekulia nacho sokoni hamjui kwetu huku kilivyosikika. Miaka ile ya Amin, 1971 mpaka 1979, ukisikia Kiswahili usiku nje ya nyumba ujue wamekuja kumchukua mtu. Hata 2005 walipokiingiza kwenye katiba kuwa lugha rasmi ya pili, kwa bibi zetu bado kilikuwa lugha ya kuvunja mlango. Sasa mimi nimeokoka, nimestaafu, moto wa wokovu umewaka, nikaenda sokoni kununua nyanya nikamwambia mama mmoja mzee kwa Kiswahili "Mama, nipe za elfu mbili." Yule mama alijaza mfuko mpaka juu, mikono inatetemeka, akasema chukua tu mwanangu, na pesa akakataa. Nilirudi nyumbani na nyanya za bure nikakaa nazo mezani sikuzila. Nilikuwa nimejiandaa kuhubiri kila mahali, kumbe sauti yangu inamkumbusha mtu usiku fulani. Ikabidi nirudi na mke wangu, yeye ni Muacholi, akaongea kwa lugha yao, tukalipa. Tangu hapo nikienda sokoni natanguliza salamu ya Kiacholi hata kama naivunja vunja, wananicheka, na mtu anayekucheka angalau hakuogopi. Mnasikia Luwum anatajwa kila tarehe 16 Februari tunapumzika kazi tunakula nyama, yule askofu mkuu aliuawa 1977 na utawala wa wenye hii lugha mdomoni. Sijamaliza ila mkono umechoka.

Karani wa Malaba
Afande shikamoo. Hii sijawahi kuifikiria hata siku moja.

Mkongo wa Nakivale
Bandugu, miye niko kambi ya wakimbizi ya Nakivale tangu 2012. Sisi kesha letu lilikuwa na baffle (spika) mbili kubwa, tunapiga mpaka saa kumi na moja asubuhi, tunasema adui akimbie. Nyumba ya nyuma kulikuwa mama kazaa, mtoto ana siku nne. Alikuja asubuhi na mtoto mgongoni akauliza tu "Mungu wenu yeye halali?" Tangu siku ile tunakesha bila baffle. Waimbaji walikasirika, wawili wakahama kanisa.

Nakato Iganga
Hao wawili walikuja kwetu 😭 tunawajua

Mama Pacha Busia
Sikutaka kuandika lakini hiyo ya kesha imenichoma. Mimi nina kibanda cha mobile money hapa Busia na kanisani naongoza kwaya. Ijumaa moja saa moja jioni umeme umekatika, tunatumia tochi ya simu, akaja mama anauza mukene (dagaa), ana haraka, akatoa kitita kimefungwa mpira akasema niwekee laki nane ziko noti arobaini za elfu ishirini. Nikamtumia laki nane kwenye simu yake, akaona meseji, akaenda. Nilipofunga kibanda nikahesabu vizuri, noti ni arobaini kweli ila ni za hamsini hamsini. Milioni mbili. Yaani milioni moja na laki mbili zimezidi. Nilihesabu mara tatu. Na hapo nina mapacha wote wawili wamerudishwa nyumbani kwa ada. Nikasema Bwana amefungua madirisha ya mbinguni. Sikusema "nimeiba", nilisema "Bwana amefungua", na ili nijiaminishe kabisa nikatoa laki moja na elfu ishirini nikatia kwenye bahasha ya fungu la kumi, usiku ule ule nikaenda nayo kesha nikaitumbukiza kwenye sanduku.

Saa saba usiku mchungaji akasema wenye mahitaji waje mbele. Akaja mama yule wa mukene. Sio wa kanisa letu, jirani yake ndiye aliyemleta. Akasema amepoteza pesa ya kikundi cha akiba, alizunguka sehemu tatu siku hiyo hajui ni wapi, wenzake watasema kaiba. Mimi nimesimama pale na maiki mkononi. Mchungaji akageuka: "Mama Pacha, tuongoze kumuombea dada yetu."

Na nikaomba. Kwa machozi, kwa nguvu, nikamwomba Mungu amguse aliyezichukua popote alipo. Watu wakasema amina. Yule mama akanishika mikono akanishukuru.

Ngoja wateja wamejaa narudi.

Boda wa Kireka
BANANGE. Mama usituache hapo

Karani wa Malaba
Mimi na kijana wangu wa foleni tumekuwa malaika

Mwl wa Sunday School
Na ile laki na ishirini ya fungu la kumi? Mchungaji akijua airudishe? Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza mshahara mchafu kuingia nyumba ya Bwana.

Mjasiriamali Mlokole
Aya hiyo ni ya malipo ya ukahaba usiipindishe. Na sadaka ikishaingia imeingia. Hapo tatizo ni mama wa mukene kutohesabu, biashara ina kanuni zake, ajenti ngapi wanapigwa na wateja na hawarudishiwi?

Mwl wa Sunday School
Kwa hiyo tukipigwa nasi tupige? Zakayo alirudisha mara nne. Hesabu hiyo, milioni nne na laki nane.

Boda wa Kireka
Zakayo alikuwa na pesa mwalimu 😂

Mkatoliki wa Masaka
Sisi tuna kitubio, ungemwendea padri usiku ule ule na angekwambia rudisha kwanza. Nyie walokole mnatubu kwa maiki tu.

Mjasiriamali Mlokole
Mmeanza. Na nyie mkitoka kwenye kitubio mnaanza upya Jumatatu.

Afande Mstaafu
Nyamazeni. Wale mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, baadhi yao walichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, moto mmoja kwa pande zote mbili, na hawakuulizana kitubio. Mwacheni mama amalize.

Mzee wa Kigezi
Wakati tunamsubiri, mimi niseme jingine. Hili neno kukesha mlichunge. Nimezaliwa si mbali na Kanungu. Wale watu wa dhehebu la Amri Kumi walikesha kuliko sisi wote, walifunga, wengine hawakuongea mchana kutwa isipokuwa kwa ishara, wasije wakavunja amri. Shangazi yangu aliuza ng'ombe, kwani waliambiwa dunia inaisha mwisho wa 1999. Haikuisha. Tarehe 17 Machi 2000 tukaona moshi, kanisa lao linaungua nao wamefungiwa ndani. Ukiambiwa kesha, muulize anayekwambia funguo za mlango anazo nani.

Karani wa Malaba
Mzee pole sana. Shangazi alikuwemo?

Mzee wa Kigezi
Ndiyo.

Nakato Iganga
🙏 pole mzee

Mama Pacha Busia
Nimerudi. Mzee pole, nimesoma nikakaa kimya kidogo.

Sikulala. Alfajiri nilitoka kanisani nikaenda kibandani nikatoa zile zilizobaki, ile ya bahasha nikaijazia kutoka floti yangu, yaani pesa ya mtaji wa kibanda, kwa mchungaji sikuomba kitu, kwa hiyo mwalimu na mjasiriamali msigombane. Nikaenda kwake kwa bodaboda. Nikampa, nikamwambia ni za jana. Akazihesabu mlangoni hajanikaribisha. Akauliza swali moja tu: "Ulipokuwa unaniombea, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akafunga mlango.

Maiki niliirudisha kwa mchungaji Jumapili ile, nikamwambia kwa nini, nikakaa miezi minane benchi la nyuma. Mapacha walikaa nyumbani wiki tatu. Mliouliza nafanyaje siku hizi, sina dawa, ila nahesabu pesa kwa sauti mbele ya mteja, noti moja moja, na usiku bila umeme sipokei kitita. Mengine naomba neema.

Mjasiriamali Mlokole
Na yeye alirudi kuwa mteja?

Mama Pacha Busia
Alihamia ajenti wa ng'ambo ya barabara. Akipita na beseni lake ananisalimu vizuri tu. Majuzi yule wa ng'ambo aliishiwa floti, akaja kwangu na laki tatu. Nikahesabu kwa sauti zikazidi elfu ishirini, nikamrudishia noti yake. Akaiangalia, akaiweka kifuani, akaondoka. Mpaka leo sijui kama alikosea au alinipima.

Nakato Iganga
Alikupima huyo 😂😂

Mkatoliki wa Masaka
Alikosea. Mwenye kupima angeweka hamsini.

Karani wa Malaba
Mimi kijana nimempata, kumbe ni msaidizi wa ajenti mwingine pale pale. Kesho narudi dirishani, nimemwambia atangulie yeye. Kasema hapana tupange foleni.

Boda wa Kireka
Kuna mtu anajua stika soko la Owino siku hizi wanauza ngapi? Ile yangu nilinunua elfu mbili. Nataka ndogo kidogo safari hii