Mdogo wangu amepata Daraja la Pili PCB na anataka udaktari tu: tupange vipi?

Mlezi wa Kahama
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Mdogo wangu wa kike amehitimu Kidato cha Sita, tahasusi ya PCB, akapata Daraja la Pili la pointi 12: Biolojia C, Kemia D, Fizikia E. Tangu utotoni anataka udaktari wa binadamu na si kingine, nami ndiye ninayemlea tangu wazazi wetu walipofariki. Je, aombe shahada hivyo hivyo, arudie mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au aanzie stashahada?

Tabibu wa Wilayani
Hongera kwa matokeo hayo, na pole kwa mzigo uliobeba. E ya Fizikia ni ufaulu, lakini nafasi za udaktari ni chache na wanaoziwania wana alama za juu mno, kwa hiyo someni mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu, chuo kwa chuo, kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi.

Mimi nilianza na stashahada ya utabibu, miaka mitatu, kuanzia NTA (ngazi za taifa za tuzo za ufundi) ngazi ya 4 hadi ya 6, na leo natibu wagonjwa katika kituo cha afya. Njia hiyo humwezesha mtu kupata taaluma inayojitegemea hata kama shahada itachelewa. Lakini atakayetaka kuendelea na udaktari baadaye ataulizwa GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, kwa kawaida isiyopungua 3.0, na ataulizwa pia matokeo ya Kidato cha Nne, ikiwemo Hisabati na Kiingereza. Wenzangu kadhaa, matabibu hodari kabisa, walikwama kwa sababu ya F ya Hisabati waliyoipata wakiwa vijana wadogo. Tafadhali tuambie alipata nini katika masomo hayo mawili.

Mama Chuo
Kaka, fedha nayo ipangwe mapema. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na ada za vyuo binafsi ni kubwa. Kwa kuwa ni yatima, andaeni vyeti vya vifo vya wazazi pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, vihakikiwe RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) kabla dirisha la Bodi ya Mikopo halijafunguliwa, kwa maana wengi huhangaika na uhakiki siku za mwisho. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi inakopesha pia baadhi ya kozi za stashahada, zikiwemo za afya. Mkopo huo hurejeshwa, na mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, jambo ambalo binti anapaswa kulielewa kabla ya kusaini.

Mwalimu wa Fizikia
Mimi sikubaliani na wanaomkimbiza binti kwenye stashahada. Mwenye C ya Biolojia anaweza kuinua Fizikia na Kemia kwa mwaka mmoja, ilimradi apate kituo chenye maabara, kwa sababu mitihani ya vitendo ndiyo huwaangusha watahiniwa wa kujitegemea wanaosomea nyumbani. Akikosa maabara, asirudie.

Mlezi wa Kahama
Nawashukuru sana. Hisabati alipata D na Kiingereza C. Maabara ya kuaminika hapa karibu hatuna, hivyo tumekubaliana aombe utabibu kupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET (baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi), vyuo vya serikali vikitangulia, huku akilenga GPA ya kumfikisha kwenye udaktari. Shahada ya uuguzi, ambayo nayo tuliijadili nyumbani, ameikataa, nami sitamlazimisha. Tabibu wa Wilayani, naomba unieleze jambo moja zaidi: wakati wa mafunzo ya vitendo, mwanafunzi hujitegemea malazi, au chuo humpangia?

Tabibu wa Wilayani
Hutegemea chuo na kituo anachopangiwa. Muulizeni msajili kabla ya kuthibitisha nafasi, na mwombeni orodha ya michango yote iliyo nje ya ada.