Pete ikakohoa! Huyu mtunzi wenu kanipiga mchana kweupe

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mnisamehe herufi.

Ni yule mtunzi wenu. Simtaji, mnamjua. Yule wa simulizi za upelelezi na mizimu, ambaye kila sehemu lazima aanze na mvua. Imenyesha simulizini kwake miezi mitano mfululizo, mpaka siku moja nilitoka mbio kuanua nguo.

Nipo naye tangu sehemu ya kwanza. Sehemu kumi kwa buku, makato ya muamala juu yangu. Maiti saba zimeokotwa Kilwa Kisiwani, kila moja ina sarafu ya shaba ya masultani chini ya ulimi. Inspekta hali, halali, mkewe kafungasha sehemu ya 31. Mimi nikafungua daftari. Daftari, wakuu! Sikusoma hivyo hata kwa mtihani wa kidato cha nne. Nilishamtia hatiani yule daktari wa mochwari, ushahidi ninao kurasa nne: glavu, boti, na ile risiti ya mafuta ya sehemu ya 52.

Jana saa nne usiku ikaingia sehemu ya 84, ya mwisho. Watoto nimewalaza na njaa (uongo, walikula, ila mnielewe hali niliyokuwa nayo). Inspekta yuko Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani hapo Kisiwani, ukingoni mwa lile bwawa la pembe nane, kaelekezewa bastola. Nanukuu neno kwa neno: "Ndipo pete ya sultani ikakohoa, kisha ikalitaja jina la muuaji."

PETE. IKAKOHOA.

Ina mapafu? Ilipaliwa? Wareno wameingia Kilwa 1505, wamepora mji, pete kimya. Imelala chini ya kifusi karne na karne haijapiga hata chafya. Inakuja kusafisha koo sehemu ya 84! Na jina lenyewe hakuliandika. Chini kaweka: "Msimu wa pili unakuja, tangulizeni buku mbili."

Nikamuuliza grupuni, kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu: "Kaka, na ile risiti ya mafuta?" Akanijibu mbele ya watu zaidi ya mia mbili: "Dada, kama akili haifiki, kasome sungura na fisi." Akanitoa grupuni. Mimi! Wa sehemu ya kwanza! Sungura angalau akidanganya hakutozi hela.

Ikakohoa, jamani.

Mpiga Soga: Siti ya mbele. Mwenye karanga asogee huku.

Karani Mstaafu: Mleta uzi, umelipa mara tisa kusoma habari za mvua, halafu mwenye matatizo ni pete?

Wakili Uchwara: Tuacheni utani, huyo muuaji anaachiwa asubuhi tu. Shahidi lazima aelewe maswali na ayajibu. Pete utaiapishaje, itashika kitabu gani? Tena anayekwenda ndani ni Inspekta mwenyewe. Sheria ya Uchawi ya 1928 ipo mpaka leo, Sura ya 18, na kukutwa na zana za uchawi ni kosa. Kielelezo kiko kidoleni.

Mleta uzi: Asante wakili! Tena IKAKOHOA.

Mtu wa Kilwa: Mimi nilimwacha sehemu ya 12. Inspekta anatoka Kilwa Masoko mpaka Husuni Kubwa kwa bodaboda. Ndugu yangu, Kisiwani. KISIWANI. Jina lenyewe linakuita. Sisi tunavuka kwa boti, yeye pikipiki imepita juu ya maji kama mtumbwi.

Mpiga Soga: Pete ikohoe, boda isielee? Mbona mnabagua?

Kiko cha Babu: Vijana mmepotea. Kazi hii Muhammed Said Abdulla aliimaliza 1960, Mzimu wa Watu wa Kale. Mtu kauawa, maiti iko mzimuni, watu wameshaogopa. Bwana Msa, mpelelezi wa kitabu hicho, anavuta kiko chake, anauliza hili, anauliza lile, mwisho anakutolea binadamu mwenye damu na sababu zake. Hakuna kitu kilichokohoa mle zaidi ya wavuta tumbaku.

Mleta uzi: Babu umenena. Risiti ya mafuta Bwana Msa asingeiacha.

Mama Wawili: Babu umenitonesha kidonda. Nakala yangu ya kitabu hicho iko kwa shemeji tangu 2016. Nikimuuliza, "bado nasoma." Kitabu cha siku mbili!

Karani Mstaafu: Shemeji na kitabu? Huyo kakiweka chini ya mguu wa meza.

Mama Wawili: Meza yenyewe pia ni yangu.

Mtu wa Kilwa: Mashemeji tusiwaguse. Wangu alikuja kusalimia Ijumaa, Jumapili kaondoka na pasi.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye pete.

Wakili Uchwara: Pasi ni nafuu. Mimi kachukua mtungi wa gesi, anasema nilimpa kwa mdomo.

Karani Mstaafu: Mtungi ulikuwa umejaa?

Wakili Uchwara: Nilikuwa nimeujaza juzi yake, kaka.