Naomba ushauri: mwongozo wa tiba wa kwenye simu, vijiji vya ziwani Uvinza

Wakuu, habari za kazi. Vituo vya afya vya mwambao wa Ziwa Tanganyika huku Kigoma mtandao unakatika ovyo, kwa hiyo wengi tunategemea PDF zinazorushwa WhatsApp. Shida ni kwamba faili halioneshi ni toleo la lini. Mfano artesuneti ya sindano kwa malaria kali: tangu 2015 WHO inataka mtoto wa chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kilo, lakini nakala za zamani zenye miligramu 2.4 kwa kilo kwa wagonjwa wote bado zinazunguka. Mtoto wa kilo 14 anastahili miligramu 42. Kwa nakala ya zamani anapata 33.6.

Kosa lingine liko kwenye kuchanganya dawa. Kichupa cha miligramu 60 kinayeyushwa kwa mililita 1 ya baikaboneti, kisha maji ya chumvi mililita 5 kwa mshipa, au 2 kwa msuli. Hiyo 42 inakuwa mililita 4.2 mshipani, 2.1 pajani. Jedwali likikatwa kichwa kwenye skrini ndogo, mtu anasoma safu isiyo yake. (Na saa moja ikipita tangu kuchanganya, mwaga.)

Naombeni:

Programu ya miongozo ya tiba ya MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) inasomeka bila intaneti. Mnaisasishaje kwa simu za kituo kizima? Ikipishana na mwongozo wa Wizara, zamu ya usiku mnaiambia ifuate upi? Na mnakadiriaje mililita 4.2, juu au chini?