Kobe mkubwa na baridi ya Texas: nyumba yake ya nje niipashe joto vipi?

mama_wawili (Fort Worth, Texas)

Habari za jioni wapendwa. Jirani yetu alihamia Colorado, huko anakaa ghorofani, akatuachia kobe wake. Ni sulcata, yule kobe mkubwa wa jangwani mwenye vichomozo kama miiba kwenye mapaja. Gamba lina urefu wa inchi 20, na kwa daktari wa mifugo alipimwa akawa na paundi 70. Watoto wanampenda mno, na mimi siku hizi namkatia mpungate kabla sijanywa chai.

Shida ni baridi. Tangu Mei amekuwa akilala kwenye shimo alilolichimba mwenyewe karibu na uzio, lakini Oktoba ndiyo hiyo inakwisha. Ndani ya nyumba hawezekani: anasukuma makochi, na choo chake ni cha mnyama mkubwa. Mume wangu anataka tununue kibanda cha mbwa cha plastiki, tuning'inize taa nyekundu ya kupashia vifaranga, tumemaliza. Anasema jirani alikuwa akifanya hivyo hivyo.

Mimi moyo hautulii. Sijasahau Februari 2021, tulivyokaa gizani na makoti mwilini tukiwa ndani. Naomba mnieleze: kibanda na taa vinatosha? Kama havitoshi nijenge nini, cha ukubwa gani, na umeme niufikishe vipi nyuma ya nyumba? Halafu, je, hawezi kulala tu usingizi wa baridi mpaka Machi kama nisikiavyo kobe wengine wanavyofanya?

fundi_umeme (Houston, Texas)

Dada yangu, hongera kwa mgeni. Nimefuga sulcata miaka mingi na riziki yangu ni umeme wa majumbani, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu, univumilie.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloua. Sulcata halali usingizi wa baridi. Kwao ni ukanda wa Sahel, kuanzia Senegal na Mauritania hadi Sudan na Ethiopia. Kule anachimba shimo refu kukimbia jua na ukame, na udongo wa chini huko unabaki na uvuguvugu mwaka mzima. Udongo wa Fort Worth mwezi wa Januari ni baridi na una maji. Kobe akipoa, tumbo linasimama, chakula kinaoza ndani, na mapafu yanashika ugonjwa. Tena hana uwezo wa kukohoa vizuri akatoa makohozi kama sisi. Ukiona kamasi puani, mapovu, au anapumua mdomo wazi na shingo kanyoosha, usisubiri asubuhi, mpeleke kwa daktari anayejua reptilia.

Kwa hiyo anahitaji chumba cha kulala ambacho usiku kinabaki nyuzi 80 za Fahrenheit, yaani kama 27 za Selsiasi, hata nje kukiwa na theluji. Mchana likitoka jua atatoka mwenyewe kuota na kula.

Kibanda cha plastiki hakifai. Kuta zake ni nyembamba, mlango uko wazi, joto lote linakwenda kwa majirani. Na ile taa nyekundu, tafadhali sana, msiifunge. Kobe wa kimo hiki anakaa mgongo ukiwa karibu na balbu. Gamba la juu linaungua huku miguu na tumbo vingali baridi, naye kwa kuwa hajapata joto la mwili mzima anazidi kukaa pale pale. Nimeona magamba yaliyobabuka kileleni kwa namna hiyo, na kovu lake halifutiki. Bado sijataja moto: taa hizo zikianguka kwenye nyasi kavu zinawaka.

Jenga sanduku. Kwa kobe wako, futi 4 kwa 6, kimo futi 2, si zaidi, maana kila futi unayoongeza ni hewa ya kuipasha bure. Fremu ya mbao za mbili kwa mbili, plaiwudi ya nusu inchi nje na ndani, na katikati bodi za foma ngumu za inchi moja na nusu. Sakafu nayo iwe hivyo hivyo, na paa pia. Watu wengi wanaziba kuta vizuri halafu paa wanaweka plaiwudi tupu, na joto linapanda juu. Foma isionekane popote kwa ndani, kwa sababu ataila na itamziba utumbo. Kila pembe ipitishie silikoni. Paa lifunguke kwa bawaba ili uweze kusafisha, na kingo zake zibandike ule mpira wa kuzibia milango. Sanduku likae juu ya mbao zilizotiwa dawa, lisiguse ardhi, na lifungwe kwa vigingi vya chuma. Paundi 70 zikiamua kusukuma, zinasukuma.

Mlango ukate upana wa inchi 20 na kimo inchi 15, elekeza kusini. Pepo zenu mbaya zinatoka kaskazini, na jua la majira ya baridi liko kusini. Hapo mlangoni ning'iniza vipande vya plastiki nene, kama vile vya mlango wa chumba cha baridi buchani, vipishane nusu kwa nusu. Atajifunza kuvipita. Nje ya hivyo weka mlango kamili wa kufunga usiku.

Joto sasa. Weka vyanzo viwili visivyotegemeana. Cha kwanza ni radieta ndogo ya umeme, ile yenye mafuta yaliyofungiwa ndani, ya wati 700, ambayo haina feni wala waya unaowaka mwekundu. Isimame wima kwenye kona, na mbele yake jenga kizuizi cha mbao imara asichoweza kukivunja, ukiacha nafasi wazi kuizunguka kama maelekezo yake yanavyotaka. Nunua ya kuzungusha kwa mkono, usinunue ya kubonyeza vitufe. Nyingi za vitufe umeme ukikatika na kurudi zinabaki zimezimwa, na wewe umelala. Cha pili ni mkeka wa joto wa plastiki ngumu unaouzwa kwenye maduka ya wakulima kwa ajili ya watoto wa nguruwe. Umetengenezwa kukanyagwa na kusuguliwa. Usijaze sakafu nzima, achia nusu ili akiona joto limezidi asogee.

Kila kimoja kiwe na thamostati yake, yaani kifaa kinachokiwasha na kukizima kufuatana na joto, na uhakikishe thamostati inabeba wati za kifaa chake. Ya radieta weka 80, ya mkeka weka chini kidogo, 76 hivi. Radieta ikifa, mkeka unachukua zamu. Sensa zifunge ukutani kwenye kimo cha gamba, mbali na hita, na uzifunike kwa kikinga cha mbao asizing'oe.

Umeme wenyewe: soketi ya nje lazima iwe ile inayojikata ikigusana na maji. Wati 700 kwa volti 120 ni kama ampea 6, sakiti ya ampea 15 inazibeba. Ila ukiweka hita ya wati 1500 ikae usiku kucha, hiyo ni ampea 12 na nusu, imeshapita kiwango kinachoruhusiwa kwa mzigo wa kudumu kwenye sakiti hiyo. Ukitumia ekstensheni, iwe moja tu ya kutoka soketi hadi sandukuni, ya matumizi ya nje, waya geji 12 (namba ikipungua waya unanenepa). Kuunganisha ekstensheni mbili hapana. Mkiona mtakaa naye miaka yote, na atakaa kwa sababu kobe hawa wanaishi miongo mingi, mwiteni fundi mwenye leseni apitishe waya kwenye bomba la PVC chini ya ardhi, na kibali cha jiji kichukuliwe.

Umetaja 2021. Tarehe 16 Februari mwaka ule uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth ulipima nyuzi 2 chini ya sifuri za Fahrenheit, na nyumba zaidi ya milioni nne katika jimbo zilikosa umeme. Nunua kengele ya joto inayotuma ujumbe kwenye simu, lakini ujue kwamba umeme ukikatika na intaneti ya nyumbani inakufa, kwa hiyo ile kengele inanyamaza siku unayoihitaji kuliko zote. Usiku wa aina hiyo msimwache nje kabisa. Kabla baridi haijafika, mwingizeni ndani kwa kigari cha kusukumia samani, mfungieni bafuni. Na jenereta, kama mnayo, isiwashwe gereji wala barazani. Moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu ya kukuamsha. Houston watu walipoteza maisha kwa gesi hiyo wiki ile ile.

Mtanga_jangwani (Tucson, Arizona)

Fundi kamaliza. Mimi naongeza la shimo. Huku kwetu kuna kobe wa asili wa jangwa la Sonora, na huyo kweli analala majira ya baridi. Watu wanachanganya, wanaona kobe ni kobe, wanamwacha sulcata shimoni kwa kuwa "wa jirani naye amelala". Mama wawili, lile shimo la uzioni lizibe mapema kabla hujaanza kumzoesha sanduku. Usipoliziba, siku ya baridi atazama humo mpaka mwisho na hutamtoa bila kuchimba.

Namna ya kumzoesha: kila jioni kabla ya magharibi msukumeni mpaka ndani, funga mlango, asubuhi fungua. Wangu alikuwa mbishi, sasa saa kumi na moja anajipeleka. Lakini usimwamini moja kwa moja. Kuna zile siku jua kali saa nane, saa kumi na mbili upepo umegeuka. Yeye akipoa akiwa nje anaganda pale alipo, hana nguvu tena ya kurudi. Lazima mtu amhesabu kila jioni, hata siku ya wageni.

Sakafuni tandika nyasi kavu za Bermuda zisizo na vumbi, ila mbali na radieta. Mara moja moja mpe maji ya uvuguvugu akanyage na anywe, siku yenye jua tu, akauke kabla hajafungiwa.

nyumbani_Leicester

Mimi nina kobe wa Hermann, wa Mediterania. Huyu analazwa kwa makusudi, kwenye friji maalumu ya nyuzi 5 za Selsiasi, baada ya daktari kumkagua na tumbo kuwa tupu. Nasema hivi ili ukikuta maelekezo ya friji mtandaoni ujue si ya kobe wako. Hata kobe chui wa kwetu Afrika Mashariki halazwi hivyo.

mama_wawili

Jamani, Mungu awalipe. Nimemsomea mume wangu yote, akaenda mwenyewe kurudisha ile taa dukani. Jumamosi tunanunua plaiwudi. Swali moja tu kwa kaka fundi: nikishamaliza nitajuaje kwamba linafanya kazi, kabla sijamweka mnyama wa watu ndani?

fundi_umeme

Swali zuri sana hilo dada. Liwashe likiwa tupu, mlango umefungwa, na ndani weka kipimajoto kinachokumbuka joto la juu na la chini kabisa, kikae kwenye kimo cha gamba. Subiri usiku wa nyuzi 40 nje. Asubuhi soma. Ikiwa la chini ni 78 kwenda juu, uko sawa. Halafu usiku mwingine chomoa radieta, uache mkeka peke yake, uone umeshuka mpaka wapi, hiyo ndiyo akiba yako. Gusa plagi na waya kwa kiganja: zikiwa za moto, zima, uniandikie kabla hujawasha tena. Na gizani mtu mmoja ajifungie kichwa ndani huku mwingine anazunguka nje na tochi. Kila mwanga unapopenya, tia silikoni.