Mrejesho: mkono uliovimba baada ya dripu

Habari zenu ndugu zangu. Ni mimi niliyeuliza juzi kuhusu mkono wa kushoto kuvimba na kuuma siku ya pili baada ya kutolewa dripu. Wengi mlinisisitiza nirudi hospitali nisikae nao nyumbani. Nilirudi, na nawashukuru sana.

Daktari aliukandakanda taratibu kuanzia pale sindano ilipoingia. Akanishikisha mwenyewe: chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu kama kamba, kinapanda kuelekea kwenye kiwiko. Akasema ni mshipa wa juujuu umepata uvimbe kwa kuchubuliwa na kanula (kile kimrija cha dripu kinachoachwa ndani ya mshipa) na dawa iliyopita humo, na ndani yake damu imeganda kidogo. Kwa usalama nikapigwa ultrasaundi. Mishipa ya ndani ilikuwa salama. Hapo ndipo nilipopumua, maana usingizi ulikuwa umenipotea kabisa.

Nimepewa dawa ya maumivu, nikandwe kwa kitambaa cha uvuguvugu, na nikilala niuegemeze mkono juu ya mto. Leo siku ya tano uvimbe umeshuka, naweza kukunja ngumi. Ile kamba bado ipo. Nimeambiwa inaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha.

Ila nikiona homa, usaha, wekundu unaosambaa au vidole kufa ganzi, nisisubiri. Na jamani, mimi dripu ilipoanza kuwasha nilinyamaza nikivumilia. Ukihisi hivyo mwite nesi papo hapo.