Naomba ushauri: jenereta ya mawimbi haishiki masafa, ninunue varakta (diodi inayobadili masafa kwa volteji) gani?

FundiLangoni: Assalamu alaikum wakuu. Nina jenereta ya mawimbi niliyoinunua ikiwa imetumika, nami huitumia kupimia redio za boti hapa Lamu. Nikiiweka kwenye megahezi 156.8, yaani chaneli 16, kioo chake huonyesha namba hiyo, lakini kaunta huonyesha masafa yakitangatanga, na taa ya kutofungika fezi, inayoonya kuwa masafa hayajatulia, haizimiki. Ninunue varakta ipi? Mwenye boti ananihimiza.

MpwaWaShela: Waalaikumu salaam. Mwambie asiende baharini na redio isiyopimwa, kwani chaneli 16 ndiyo ya kuitia msaada, na roho ya mtu haina duka.

DadaSolda: Kaka, varakta iache kwanza. Masafa ya oskileta, yaani sakiti inayozalisha mawimbi, hugawanywa, tuseme kwa 6272, yakawa kilohezi 25, kisha kilinganishi cha fezi, kinachotazama kama mawimbi mawili yanakwenda pamoja, huyapima dhidi ya kilohezi 25 zinazotokana na kristali. Yakiwahi au yakichelewa, kosa hilo hupita kwenye kichujio likawa volteji inayoisukuma varakta, mpaka pande mbili ziende sambamba. Pima volteji hiyo, na utwambie kama umekigusa kichujio.

MzeeWaMalindi: Mimi nilihangaika na redio nzima ya mashua, kumbe ni chumvi iliyoota kwenye soketi tu. Osha bodi kwa spiriti, mwanangu. Vijana wa sasa hununua vipuri kabla ya kupima.

FundiLangoni: Shikamoo mzee, nimekwisha kuosha. Volteji ni 0.3 na haipandi. Kuhusu kichujio, kapasita moja ya plastiki ilipasuka, nikaweka ya elektroliti kutoka redio kuukuu. Namba iliyoandikwa ni ile ile, kwa hiyo sioni inahusikaje, na ya plastiki haikupatikana hapa kisiwani. Varakta nimeshalipia nusu Mombasa. Ikishindikana, nitakata kitanzi hicho cha kujisahihisha niiamuru oskileta kwa potenshomita, kile kinzani cha kuzungusha kwa mkono.

KijanaWaMkunguni: Punda wa Lamu hurudi nyumbani bila kamba, lakini oskileta yako ikikatwa kitanzi, joto la mchana litayapeleka masafa yake mbali mpaka Faza.

DadaSolda: Inahusika sana. Elektroliti kuukuu huvujisha mkondo, na kilinganishi hutoa chaji kidogo kidogo tu. Kinachovuja kikizidi kinachoingia, volteji haipandi na kitanzi hakifungi. Hata kikifunga, uvujaji mdogo huzaa mawimbi ya pembeni yasiyotakiwa, kilohezi 25 kila upande.

MchunguziWaUzi: Nashuku kisa hiki kimetungwa, labda ni swali la mtihani wa chuo. Kioo kinaonyesha 156.8 barabara huku masafa yanatangatanga? Tena kwa volteji 0.3 masafa yangekuwa chini mno, si kutangatanga tu. Tuonyeshe picha ya hiyo solda.

DadaSolda: La kioo halina ajabu: kinaonyesha namba aliyoiagiza kwenye kigawanyi, hakipimi chochote. La pili ni swali la haki.

FundiLangoni: Niliposema yanatangatanga nilimaanisha yanacheza huku chini, kandokando ya 151, sikuona haja ya kutaja namba. Nimeinua mguu mmoja wa kapasita, na mita ya ohmu inaonyesha inapitisha mkondo. Haidhuru, varakta ikifika Mokowe nitaifunga pamoja na kapasita mpya, kwa sababu pesa imeshatoka.

DadaSolda: Funga kapasita peke yake, uwashe, uitazame ile taa. Ukibadilisha vyote pamoja na taa isizimike, utakuwa na mashaka mawili badala ya moja.

MchunguziWaUzi: Picha bado naingoja.