Mjadala: Nyimbo zifungwe zisinakilike, au vibanda vya kujaza memori visajiliwe?

Wadau wa Dodoma, kikundi chetu cha ngoma za Kigogo kinataka kuuza albamu yenye kufuli la kidijitali, ipigwe kwenye simu ya aliyenunua tu. Nilipinga kikaoni na bado napinga.

Wenye uwezo kutuzidi walishajaribu. Apple ilipofungua iTunes, duka lake la nyimbo mtandaoni, mwaka 2003, nyimbo zake ziligoma kwenye plea za kampuni nyingine. Wanaonakili hawakuacha: walizichukua nyimbo hizohizo kwenye CD. Mwaka 2009 Apple ikaliondoa kufuli. Hata kadi ya SD, ile memori ya kuchomeka kwenye simu, iliundwa ikiwa na ulinzi wa nyimbo ndani yake, ila sijaona kijana wa kibanda cha kujazia watu nyimbo kwenye memori pale Majengo aliyezuiwa nao.

Mwenyewe nilinunua nyimbo zilizofungwa. Simu ikafa, na kwenye simu mpya zikakataa kufunguka. Nililipa, nikanyimwa.

Mchangiaji: Mkuu, tazama ukubwa wa wizi. Rio, plea ya MP3 ya mwaka 1998, ilikuwa na MB 32, muziki wa nusu saa hivi. Leo kadi ya GB 32 inabeba nyimbo kama 8,000 za dakika nne. Kazi ya maisha ya mpiga zeze inaingia humo na nafasi inabaki tele. Mzee wa Chamwino amelipia studio, anasikia wimbo wake kwenye bajaji na hana nauli ya kurudi kwake. Huyo naye umwambie asifunge mlango?

Mleta mada: Ndugu yangu, uchungu wa mzee huyo ni wangu pia. Lakini nakala moja ikivuja, hata kwa kurekodi sauti ya spika, imetoka. Anayebaki na kufuli ni yule aliyelipa. Kibanda, kwa upande wake, kinajulikana kilipo na kinatoza kila mteja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, wapo. Kibanda kipewe leseni, kiandike kilichojaza, sehemu ya hela irudi kwa msanii. Nimependekeza tuanze na vibanda vya Majengo na Sabasaba: tuwapelekee faili safi zenye jina la kikundi, tukubaliane bei. Ugumu ninaouona ni hesabu, maana mwenye kibanda ndiye anayeshika daftari. Aliyewahi kufanya makubaliano ya namna hii atueleze alihakikije idadi.